Jina Ubaoni: Maandishi ya Vyombo vya Mbao na Funzo Lake kwa Isimu ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Wengi wenu mlitarajia nizungumzie sintaksia, kwa kuwa huko ndiko nilikotumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Jioni ya leo naomba tuwe mbali kidogo na sentensi za vitabuni, tushuke pwani, tusimame nyuma ya chombo cha mbao kilichojahabu mchangani, na tusome neno moja lililochongwa kwenye ubao wa tezi.

Mada hii naileta kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mtafiti kijana nilitembea katika visiwa vya Lamu nikikusanya istilahi za ubaharia. Kila nilipokuta jahazi au mashua yenye jina, niliandika jina hilo katika daftari. Chombo kimoja kilikuwa kimeandikwa MASHALLAH. Mimi, kwa bidii ya msomi anayejua asili ya neno katika Kiarabu, niliandika Mashaallah, kwa irabu mbili, nikaona nimefanya jambo jema. Majina mengine mengi niliyasahihisha vivyo hivyo bila kuacha alama yoyote. Miaka mingi baadaye, nilipotaka kuchunguza tahajia ya vyombo, nilifungua daftari lile na kukuta tahajia yangu tu. Vyombo vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuoza au kuvunjwa.

Hoja yangu ni nyepesi kuitaja: maandishi yaliyo kwenye chombo cha mbao ni matini kamili ya Kiswahili, yenye waandishi zaidi ya mmoja. Sheria imeandika, mwenye chombo ameandika, na fundi ameandika. Yeyote anayeyasoma kama neno moja lenye tahajia sahihi au mbovu huwa amewafuta wawili kati ya watatu hao.

2.0 Mapambo na Hati kabla ya Herufi za Kilatini

Ustadi wa kuchonga maandishi ni wa kale katika pwani yetu. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya hati ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa Miladi. Katika miji ya Lamu, Mombasa na Zanzibar, vizingiti vya juu vya milango vilichongwa maua, minyororo, aya na tarehe. Mkono uliozoea kuchonga mlango haukuwa mgeni mbele ya ubao wa chombo, kwa kuwa patasi ni ileile na mti ni uleule.

Mfano mzuri wa muungano wa kalamu na patasi ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Wanafunzi wa fasihi wanamfahamu kama mshairi na mnakili wa hati, aliyewanakilia tendi wataalamu wa kigeni akiwemo Ernst Dammann katika miaka ya 1930. Lakini Kijuma alikuwa pia mchonga mbao. Sisi wa vyuo vikuu tumezitenganisha kazi hizo mbili, moja tukaiita fasihi na nyingine sanaa za mikono. Kwake zilikuwa kazi za mkono mmoja.

Vyombo vyenyewe vilikuwa na mapambo yake. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari na kutwekwa tanga la mkeka, kilikuwa na omo lililochomoza mbele, ambalo watu walilifananisha na kichwa cha ngamia. Chombo hicho kiliacha kutumika katika karne ya 20, na mfano wake mkubwa uliundwa Zanzibar mwaka 2003. Jahazi la Lamu hupambwa kwa macho: vibao viwili vya mviringo, kimoja kila upande wa omo, aghalabu vikiwa na mwezi mwandamo na nyota. Mwanaanthropolojia Mholanzi A.H.J. Prins, aliyechapisha kitabu chake kuhusu ubaharia wa Lamu mwaka 1965, alikwisha kuonyesha kwamba utamaduni wa chombo haumalizikii katika mbao na matanga. Macho yale hayasomwi kwa herufi, lakini yanatoa taarifa: anayekitazama chombo kwa mbali anajua kwamba kina mwenyewe na kwamba kimeombewa.

3.0 Herufi Zilizoletwa na Sheria

Sasa tujiulize: herufi za Kilatini zilifikaje kwenye tezi? Jibu la haraka ni kwamba zililetwa na shule. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Mkataba wa Brussels uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, ulikuwa na sehemu ndefu kuhusu vyombo vya wenyeji katika magharibi ya Bahari ya Hindi. Mataifa yaliyotia saini yalitaka kila chombo kitambulike. Kwa hiyo mkataba ukaagiza kwamba jina la chombo na ujazo wake vichongwe na kupakwa rangi kwenye tezi kwa herufi za Kilatini, na kwamba herufi za mwanzo za bandari ya usajili pamoja na namba vichapwe kwa rangi nyeusi kwenye tanga.

Naomba tuzingatie mambo mawili katika agizo hilo. Kwanza, maandishi yalitakiwa kuchongwa na pia kupakwa rangi. Waliotunga mkataba walijua kwamba rangi hufutika kwa mswaki wa rangi nyingine, na kwamba jina lililoingia ndani ya ubao haliondoki bila ya kuacha jeraha. Pili, hati iliyotakiwa haikuwa hati iliyosomwa na manahodha. Mwaswahili aliyejua kusoma wakati huo alisoma kwa kawaida hati ya Kiarabu. Msomaji aliyekusudiwa na agizo alikuwa ofisa wa manowari ya kigeni, aliyesimama na darubini mkononi. Jina la chombo lilikuwa la Kiswahili au la Kiarabu. Macho yaliyoandaliwa kulisoma yalikuwa ya Kizungu.

Sheria ya Uingereza ya Meli za Biashara ya mwaka 1894 ilieleza zaidi. Kwa meli zilizosajiliwa chini yake, jina liandikwe kila upande wa omo. Kwenye tezi liandikwe jina pamoja na bandari ya usajili. Kama usuli ni wa rangi iliyokoza, herufi ziwe nyeupe au manjano. Kama usuli ni wa rangi nyepesi, ziwe nyeusi. Urefu wa herufi usipungue inchi 4, yaani karibu sentimita 10. Mazoea mengi tunayoyadhani kuwa ni ladha ya mafundi wa pwani, kama herufi nyeupe juu ya usuli wa kijani au buluu iliyokoza, yanakubaliana na masharti hayo.

Suala la kukitambua chombo halikuwa dogo. Mwaka 1905 mahakama ya usuluhishi ya The Hague ilitoa uamuzi katika mgogoro wa Uingereza na Ufaransa kuhusu vyombo vya watu wa Oman vilivyopeperusha bendera ya Ufaransa. Bendera, hati za usajili na maandishi ya tezi yalikuwa mambo ya dola.

Mwanaisimu anapata nini hapa? Anapata tarehe. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili, iliundwa mwaka 1930. Mkataba wa Brussels ulitangulia kwa miaka 40. Katika miaka hiyo, aliyetakiwa kuandika jina la chombo kwa Kilatini hakuwa na kamati ya kumwongoza. Alikuwa na masikio yake, mazoea ya karani wa bandari, na urefu wa ubao. Tezi za vyombo ni miongoni mwa mahali ambapo tahajia ya Kilatini ilijaribiwa hadharani kabla haijapewa kanuni.

4.0 Kazi ya Fundi

Ili tuelewe nafasi ya fundi kama mwandishi, hatuna budi kuifuata kazi yake hatua kwa hatua. Chombo kinachoundwa ufukoni, kama ilivyo desturi ya Matondoni na vijiji vingine, hakina mchoro wa karatasi. Fundi hupima kwa jicho, kwa kamba na kwa mfano wa vyombo alivyokwisha kuviunda. Jina huja mwishoni, baada ya mbao kukalafatiwa na kabla ya chombo kushuliwa.

Kwanza huchaguliwa ubao. Mbambakofi ni mgumu. Huchosha mkono lakini hutunza makali ya herufi. Mwembe ni rahisi kuchonga, nao hulegea mapema kwa maji na jua. Ubao hupigwa randa na msasa. Kisha fundi hupiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chokaa, mmoja wa juu na mmoja wa chini, ili herufi zisipande wala kushuka. Kwa kuwa tezi mara nyingi ina mbinuko, mstari ulionyooka kwenye ubao unaweza kuonekana umepinda kwa aliye chini majini. Fundi mzoefu hurudi nyuma hatua kadhaa, akainama, akatazama, na kuusahihisha mstari kwa jicho.

Pili, hugawa nafasi. Hapa ndipo hesabu inapogusa tahajia. Tuchukue ubao wenye sentimita 90 zinazoweza kuandikwa, na herufi za kimo cha sentimita 10. Tukikadiria kwamba kila herufi ina upana wa sentimita 7 kwa wastani, na kati ya herufi na herufi pana sentimita 3, basi MASHAALLAH, lenye herufi 10, litahitaji sentimita 70 za herufi na 27 za mianya, jumla 97. Halienei. MASHALLAH, lenye herufi 9, litahitaji 63 na 24, jumla 87. Linaenea, na linabakiza sentimita moja na nusu kila upande. Fundi hawezi kupunguza kimo cha herufi, maana sheria inamzuia. Akibana mianya, jina halitasomeka kwa mbali. Kilichobaki ni kuondoa irabu moja. Sina haki ya kudai kwamba ndivyo ilivyotokea kwa chombo nilichokiona, kwa sababu sikukipima ubao wake. Nilichokifanya ni kuirudisha irabu na kuharibu ushahidi.

Tatu, huchonga. Mti una nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Herufi zenye mistari iliyonyooka, kama L, T na H, hazimsumbui fundi sana. Herufi zenye mviringo ndizo zinazomtia mashakani. Katika O, B na A kuna kipande cha ubao kinachobaki katikati kama kisiwa. Nyuzi zake ni fupi, na pigo moja la patasi lisilo na subira hukiruusha. Katika S patasi hukutana na nyuzi kwa pembe inayobadilika kila mara, na fundi hulazimika kugeuza upande wa kuchongea. Ndiyo maana S za vyombo mara nyingi ni za pembepembe. Anayeziona kama ishara ya kutojua kuandika anaushutumu mkono kwa tabia ya mti.

Nne, hupaka rangi. Usuli hupakwa kwanza na kuachwa ukauke, kisha rangi ya herufi huingizwa ndani ya mifereji iliyochongwa. Mwishoni huja mapambo: maua mwanzoni na mwishoni mwa jina, au mwezi na nyota. Mapambo hayo huziba nafasi iliyobaki, na kwa namna hiyo hueleza pia jinsi jina lilivyogawiwa. Ua kubwa upande mmoja na dogo upande wa pili ni dalili kwamba hesabu ya herufi ilipotea njiani.

5.0 Maandishi ya Chombo kwa Jicho la Mwanaisimu

5.1 Mwelekeo wa hati

Hati ya Kilatini huenda kutoka kushoto kwenda kulia, na ya Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye karatasi jambo hili halina uzito. Kwenye chombo lina uzito, kwa kuwa chombo kina mbele na nyuma. Ukisimama nje ukatazama ubavu wa kushoto wa chombo, omo liko kushoto kwako. Jina la Kilatini litaanzia kwenye omo na kuelekea tezi. Nenda ubavu wa kulia: jina lilelile litaanzia upande wa nyuma na kuishia kwenye omo. Hati ya Kiarabu hufanya kinyume chake. Kwa hiyo jina lililoandikwa kila upande wa omo haliwezi kuanzia mbele pande zote mbili, isipokuwa hati zibadilishwe: Kilatini kushoto na Kiarabu kulia. Mwanafunzi anayerekodi jina bila ya kutaja ubavu amepoteza nusu ya taarifa.

5.2 Hati na sauti

Hati ya Kiarabu katika umbo lake la asili haina herufi za /p/, /v/, /g/ na /ch/. Waandishi wa zamani wa Kiswahili walitumia herufi moja kwa sauti zaidi ya moja, na msomaji akategemea muktadha. Kwenye utendi wa beti mia, muktadha upo. Kwenye ubao wenye neno moja, haupo. Jina la asili ya Kiarabu husomeka bila shaka yoyote katika hati hiyo, ilhali jina kama PEPEA lingemtatiza msomaji. Tunaweza basi kutarajia kwamba uchaguzi wa hati uligusa uchaguzi wa jina. Hii ni dhana ya kitafiti, na kuithibitisha kunahitaji mkusanyiko wa majina ambao bado hatujaufanya.

Upande wa Kilatini una matatizo yake. Kiswahili huzipa silabi zake irabu mwishoni. Kiarabu hukubali konsonanti. Mwandishi wa TAWAKALI ameliingiza neno katika fonolojia ya Kiswahili. Mwandishi wa TAWAKAL ameliacha karibu na asili yake, na pengine ametaka ijulikane kwamba amesoma chuoni. Mwandishi wa TAWAKKAL amekwenda mbali zaidi, akaonyesha hata shada. Maumbo haya matatu ni misimamo mitatu kuhusu uhusiano wa Kiswahili na Kiarabu, na kuyapanga yote chini ya kidahizo kimoja ni kuyanyamazisha.

5.3 Upatanisho wa kisarufi

Tuchukue chombo kiitwacho SUBIRA. Baharia atasema Subira imeingia, Subira limeingia au Subira kimeingia? Katika Kiswahili, jina la pekee mara nyingi huchukua upatanisho wa nomino ya jumla isiyotamkwa. Twasema Kilimanjaro umefunikwa na mawingu kwa sababu ya mlima, na Kenya imeshinda kwa sababu ya nchi. Kwa hiyo Subira limeingia humaanisha jahazi, Subira kimeingia humaanisha chombo, na Subira imeingia huweza kumaanisha mashua. Subira ameingia ni habari ya mwanamke mwenye jina hilo. Jina lililo ubaoni halina kiambishi cha upatanisho, kwa kuwa nomino ya jumla ipo mbele ya macho ya msomaji, ikiwa imejengwa kwa mbao.

5.4 Nani anasema na nani?

Majina mengine ni sentensi. TUTAFIKA ina kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi; lakini "tu" ni nani? Ni nahodha na mabaharia wake? Ni abiria? Ni msomaji aliyebaki pwani na roho yake juu? Hapa chombo kinafanana na kanga, ambayo maandishi yake huvaliwa na mmoja ili yasomwe na mwingine. Tofauti ni kwamba anayesoma kanga kwa kawaida yuko karibu, ilhali anayesoma tezi ni yule anayeachwa nyuma. Jina la omo husomwa na wanaokipokea chombo, na la tezi husomwa na wanaokiaga. Dua iliyoandikwa kwenye tezi ni neno la mwisho kuonekana na mke, mama au mtoto aliye ufukoni. Sheria ililiweka jina pale ili chombo kishikwe. Mwenye chombo akalitumia ili chombo kirudi.

6.0 Hitimisho

Wenzangu, maktaba zetu zina miswada ya tendi, majarida na kamusi, na tunajua namna ya kuzitunza. Tezi ya jahazi haina maktaba. Ubao huoza, hubadilishwa, au huishia jikoni kama kuni. Boti za plastiki ngumu zinaongezeka, na jina la boti ya namna hiyo hubandikwa au hupakwa, halichongwi. Silaumu mabadiliko hayo, kwa sababu mvuvi ana haki ya kutafuta chombo kisichovuja. Ninachoomba ni kwamba tuandike kabla ubao haujaondoka.

Kwa wanafunzi watakaoifanya kazi hiyo, nawausia mambo manne. Nakili herufi kama zilivyo, hata pale unapojua umbo la kamusi. Pima urefu wa ubao, kimo cha herufi na mianya yake. Taja mahali: omo au tezi, ubavu wa kushoto au wa kulia. Kisha muulize fundi na mwenye chombo, kila mmoja peke yake, kwa nini jina limeandikwa vile. Majibu yao yakitofautiana, yaandike yote mawili.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nimetumia methali hiyo darasani kwa miaka mingi nikifafanua kauli ya kutendwa, na sikupata kufikiri kwamba inahusu pia jina lililopo nyuma ya chombo. Daftari langu la zamani bado ninalo, na neno Mashaallah bado limo, kwa irabu zangu mbili. Sikulifuta, kwa maana kufuta lingekuwa kosa la pili. Pembeni yake nimeandika kwa penseli: tahajia ya mtafiti, ya chombo imepotea.